Maswali Saba ya Mama Homa

Jina la Mama Homa alipewa na watoto. Simu ikilia asubuhi, mtoto aliyeiwahi alipiga kelele nyumba nzima, "Mama, ni yule Mama Homa!" Naye upande wa pili alisikia kila neno, akacheka, akasema, "Ndiye mimi, mwanangu, hebu mpe mama." Jina likavuka simu, likaingia chuoni, na halikutoka tena. Chuoni kila mtu anapenda kuitwa kwa cheo, na wapo wanaonuna mchana kutwa ukisahau kuwaita daktari, lakini yeye aliitwa Mama Homa tu, kuanzia kwa mlinzi wa getini hadi kwa Profesa mwenyewe, na aliitika.

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Kitengo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza kilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya maktaba: vyumba vinne, korido nyembamba, na friji tatu za chanjo zilizonguruma kutwa kucha utadhani zina ugomvi na mtu. Nia ya utafiti ilikuwa kuukamata mlipuko wa ugonjwa ungali mchanga, kabla haujaota meno. Kaya mia mbili na arobaini za mitaa inayozunguka chuo zilikubali kupigiwa simu mara moja kwa wiki na kuulizwa maswali saba: homa, kichwa, shingo, kikohozi, upele, kutapika, kuharisha. Wahojaji walikuwa wanne, kila mmoja na kaya zake sitini. Jibu liliingia kwenye kompyuta kwa tarakimu moja tu, sifuri kama hakuna, moja kama ipo. Nyumba tatu za mtaa mmoja zikitoa moja katika wiki hiyo hiyo, mtaa uligeuka mwekundu kwenye ramani ya ukutani, na kesho yake asubuhi wauguzi walikuwa wameshafika na masanduku ya chanjo na dawa, wakipita mlango kwa mlango.

Nyumba tatu, si mbili. Profesa, mkuu wa kitengo, aliipigia hesabu sheria hiyo kwa miaka, na hapo hakuna wa kumlaumu. Ukituma wauguzi kila anapopiga chafya mtu mmoja, mwisho wa mwezi friji ni tupu na wauguzi hoi.

Na tuseme ukweli, bila Mama Homa utafiti wenyewe ungekufa kichanga. Wiki sita za mwanzo ramani ilikuwa nyeupe pe. Nyumba mia mbili na arobaini, mvua zinanyesha, watoto wanakohoa hadi chini ya madirisha ya chuo, na kwenye kompyuta sifuri tupu. Wasomi wakakaa kikao. Mmoja akasema labda mitambo imeharibika. Mwingine akasema labda watu hawa wana kinga ya ajabu, na akaanza kuandika maombi ya fedha za kuichunguza. Mama Homa, ambaye kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa wauguzi kwa miaka kumi na tisa, alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Akanyoosha mkono.

"Profesa, watu wanaumwa. Ila nyie mnaandika salamu."

"Salamu vipi, Mama?"

"Mtu ukimwuliza habari za nyumbani atakwambia nzuri hata kama yuko juu ya machela. Hiyo nzuri ni adabu. Hawezi kuanza na shida, utamwona hana malezi. Msubirini kidogo. Ulizeni watoto, ulizeni kazi, ulizeni jana nani alibaki kitandani. Ugonjwa uko ndani huko, haukai mlangoni."

Wakacheka, kisha wakabadilisha dodoso. Baada ya wiki mbili ramani ilikuwa na madoa kama uso wa mtoto mwenye surua. Profesa akaandika makala, makala ikasomwa nchi za mbali, na Mama Homa akashukuriwa ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, ndani ya "wahojaji wetu." Hakununa. Kila mhojaji mpya alipoletwa kwake kufundishwa, alimwambia maneno yale yale: salamu si jibu. Ukiandika salamu umeandika adabu ya mtu, mwili wake hujaugusa.

Basi huyo ndiye aliyekosea. Si mwanafunzi wa juzi, si mgeni wa kazi. Ni yeye mwenyewe, mwalimu wa wote.

Katika kaya zake sitini, ya kumi na saba ilikuwa ya kaka yake. Sheria ya kitengo ilisema mhojaji asimpigie ndugu, na alikuwa ameshaomba abadilishane na mwenzake, lakini kaka mtu alikataa katakata. "Kama ni wewe, sawa," alisema. "Kama ni mgeni, niondoeni kwenye hayo mambo yenu." Bwana Jedwali, yule mtunza takwimu aliyeitwa hivyo kwa sababu hata orodha ya vitu vya sokoni aliichora kwa safu na mistari, akakuna kichwa, akasema kaya moja haiwezi kuharibu utafiti. Akaipitisha.

Kaka yake alikuwa fundi cherehani, mkubwa wake kwa miaka kumi na minne, na kwa kweli ndiye aliyekuwa baba. Wazazi wao walifariki mwaka mmoja, yeye akiwa na miaka minane. Kaka alimlea pale pale dukani, kati ya marobota ya vitambaa. Alimshonea sare ya shule kwa vipande vilivyobaki, pindo akalikunja mara tatu ili liachiwe kadiri msichana anavyorefuka. Alimsuka nywele asubuhi kabla ya shule, akamsuka vibaya, wenzake wakamcheka, na kaka akaenda kujifunza kwa jirani hadi akaweza. Kulikuwa na jambo moja tu lililomshinda. Siku msichana alipovunja ungo, kaka alimwita mama wa nyumba ya pili, akafunga duka, akatoweka hadi jioni. Aliporudi hakusema neno, alimletea tu kanga mpya. Tangu siku hiyo habari za mwili hazikupita kati yao. Waliongea juu ya kila kitu, waligombana, walitaniana, lakini mwili ulikuwa na pazia, na pazia hilo kila mmoja aliliheshimu kwa upande wake.

Kwa hiyo Jumanne ya kwanza alipompigia kwa ajili ya utafiti, alimwamkia, akauliza swali la homa, akaambiwa hakuna. Swali la kichwa likapita pia. Alipofika kwenye kutapika ulimi ukawa mzito, na la kuharisha likamkwama kabisa. Utamwulizaje mtu aliyekulea kama tumbo lake linaendesha? Akaruka. Akaandika sifuri saba. Jumanne ya pili hakuuliza hata moja. Waliongea habari za wateja, za wifi yake, za nguo ya mtu fulani mnene aliyebishia vipimo, wakacheka, wakaagana, na sifuri zikaingia. Kinyozi hajinyoi, alijiambia, na kweli ilimchekesha. Kama kuna lolote, si wifi atasema?

Ikaenda hivyo miezi kumi na moja.

Jumanne yenyewe ilikuwa ya kiangazi, vumbi na joto kavu la kukausha pua. Mama Homa aliingia mapema, akavaa vipokea sauti vyake, akaanza na kaya ya kumi na saba kama kawaida yake, kwa sababu alipenda kufungua siku na sauti ya kaka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu." Sauti ilichelewa kidogo.

"Umeamka salama?"

"Salama tu. Nyie je?"

"Sisi wazima. Wifi karudi?"

"Bado yuko kwa mama yake. Alhamisi."

"Basi wewe sasa unajipikia? Mungu akulinde." Kaka akacheka, kicheko kifupi. "Kaka, nina gauni la mahafali ya binti yangu, linaburuta chini. Nikuletee?"

"Lilete. Ila si wiki hii."

"Kazi zimebana?"

"Tuseme hivyo."

Mama Homa alikuwa ameshaanza kubonyeza sifuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hakuna lingine?" aliuliza kaka.

"Hakuna, kaka. Pumzika basi."

"Haya, mdogo wangu."

Saa nne nyumba ya mpaka rangi, mtaa ule ule, ilitoa moja: homa na kichwa, mtoto wao wa kike. Saa sita mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona akasema, baada ya salamu ndefu na malalamiko ya maji kukatika, kwamba mkewe tangu jana hawezi kuinamisha shingo. Moja tena. Bwana Jedwali akapaza sauti kutoka chumba cha pili, "Mama Homa, mtaa wako una mbili!" Mama Homa akaangalia ramani. Mbili, kweli. Akateremsha macho kwenye orodha yake hadi kaya ya kumi na saba, akaziona sifuri zimepangika kama vifungo vya shati, akashusha pumzi. "Ni mbili tu," alijibu. Kila mara alipoikumbuka baadaye, hapo ndipo alipotaka kujizaba kofi. Simu ilikuwa mezani, na kaka alikuwa umbali wa tarakimu kumi.

Wifi alirudi Alhamisi adhuhuri, akakuta duka limefungwa kwa ndani. Majirani walipovunja mlango walimkuta fundi sakafuni chini ya meza ya kukatia, amekumbatia robota la kitambaa, anaongea maneno yasiyoeleweka, shingo imekauka kama ubao. Wakampeleka hospitali ndani ya gari la mpaka rangi, katikati ya madebe. Daktari akasema ni homa ya uti wa mgongo. Ijumaa hospitali ikampigia Profesa, mtaa ukawa mwekundu, na Jumamosi asubuhi wauguzi wakaingia. Walipita nyumba arobaini na sita, wakachanja mamia, wakampata binti wa mpaka rangi na mke wa mwalimu na kijana mmoja fundi baiskeli, wakawatibu, wote wakapona. Kila mtu alisema kazi imefanyika vizuri. Hata gazeti lilisema.

Fundi alilala hospitali siku kumi na sita. Siku ya tano alifungua macho, akamwona mkewe upande mmoja na mdogo wake upande wa pili, wote wawili wanaongea kwa pamoja, mmoja anamshukuru Mungu na mwingine anamwita kaka, kaka. Akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza.

Masikio yote mawili yalikuwa yamekwenda. Daktari aliwaeleza kwamba ugonjwa ule hufanya hivyo, kwamba hayatarudi, na kwamba mgonjwa angewahiwa siku mbili mapema pengine yangebaki. Pengine, alirudia, maana alikuwa kijana mwangalifu. Mama Homa aliihesabu njia nzima akirudi nyumbani. Nyumba tatu Jumanne. Mtaa mwekundu Jumanne mchana. Wauguzi Jumatano asubuhi. Alhamisi kutoa Jumatano, hata siku mbili hazifiki, ni moja na kipande. Alijaribu kujifariji kwa hiyo nusu siku iliyopungua, akashindwa.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Mama Homa hayakungoja kuitwa mjukuu, yalihamia kwake siku ile ile na mizigo yao. Alijuta akichemsha maji. Alijuta akipanda ngazi za chuo, akajuta zaidi akifika juu. Jumanne ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu kaya ya kumi na saba ilibaki kwenye orodha yake, na namba ilikuwa ile ile, na aliyepokea sasa alikuwa wifi. Alimwuliza maswali yote saba, la kuharisha pia, polepole, neno kwa neno. Wifi alijibu yote bila kusita.

Wiki ya tatu Bwana Jedwali alikuja mezani kwake na karatasi. Alikuwa anaandika ripoti ya mlipuko na kila kitu kilikuwa kinakaa kwenye safu yake, isipokuwa kimoja. Alivuta kiti.

"Mama, hospitali wameandika homa ilianza Jumatatu. Wewe Jumanne una sifuri saba."

"Ndiyo."

"Na simu ilikaa dakika mbili na sekunde kumi." Alisema akitazama karatasi, si uso wake. Wote wawili walijua kwamba maswali saba, ukiyauliza kwa haraka ya mtu anayefukuzwa, hayapungui dakika sita. "Alikataa kujibu, siyo?"

Ulikuwa mlango, naye Bwana Jedwali aliufungua kwa wema wake wote, mtu asiyependa kuona mwenzake anaaibika. Mama Homa akaingia.

"Alisema salama," alijibu.

Na ni kweli alisema. Hakuna neno hata moja la uongo hapo, na hakuna uongo aliowahi kuusema uliomlemea kama ule. Ripoti ikatoka na sentensi moja katikati ya ukurasa wa nane: mhojiwa wa kaya ya kumi na saba hakutaja dalili zake. Aliisoma mara nyingi. Mtu aliyemsuka nywele alikuwa ameandikwa na chuo kizima kwamba alificha ugonjwa.

Profesa alimwita ofisini, akamtengenezea chai kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwa akimfanyia hata mkuu wa chuo. "Usijilaumu," alimwambia. "Nawajua wanaume wa umri ule. Hata ungemwuliza mara mia, angesema salama." Mama Homa aliibeba kauli hiyo hadi nyumbani, na tangu hapo ikawa dawa yake. Akilala alijisomea: hata ningeuliza. Akiamka: hata ningeuliza. Kaka ni mtu wa heshima, hawezi kumwambia mdogo wake wa kike habari za mwili, pazia lilikuwa la wote wawili. Hata ningeuliza, angesema salama. Dawa ilimtuliza, lakini kipimo kilibidi kiongezwe kila wiki.

Fundi alirudi dukani. Wateja walidhani ataacha kazi, yeye akasema anashona kwa mikono, hashoni kwa masikio. Lakini haikuwa kweli kabisa. Fundi hujua kwa sauti kwamba sindano imekuwa butu, kwamba uzi unakaribia kukatika. Sasa aliweka kiganja cha kushoto juu ya kichwa cha cherehani na kusikiliza kwa ngozi, na alishona polepole zaidi. Kwenye meza paliwekwa vipande vya maboksi na chaki yake bapa ya kuchorea vitambaa, ili mwenye shida aandike. Alipenda kutania, "Siku hizi wateja wakilalamika, sisikii kitu, raha tupu!" na alisema kwa sauti kubwa mno, maana hakuwa anajisikia, hadi wapita njia wakageuka. Mama Homa alikwenda kila Jumamosi. Aliandika habari za watoto, za mahafali, za mtu mnene na suruali zake. Lile moja hakuliandika.

Mwaka ukakaribia kwisha. Chuo kikaandaa mafunzo ya maandalizi dhidi ya milipuko, wahojaji wapya thelathini kutoka vituo mbalimbali, ukumbi mdogo, feni moja inayozunguka na moja isiyozunguka. Mama Homa aliwekwa meza ya mbele kama mtaalamu. Profesa alifundisha vizuri, kama siku zote, na alipofika kwenye makosa ya takwimu alibonyeza kitufe, maandishi makubwa yakatokea ukutani: Mficha maradhi kifo humuumbua. Chini yake, Kisa cha Mzee wa Kaya ya Kumi na Saba.

Akakisimulia. Mtaa, nyumba mbili zilizosema, nyumba moja iliyonyamaza, siku zilizopotea. Mzee alisema salama huku kichwa kinampasuka. Profesa alikuwa na kipaji cha kusimulia, na alipoigiza sauti nzito ya mzee mbishi, "Salama tu!", ukumbi ukacheka. Si kicheko kibaya. Ni kile cha watu wanaomkumbuka mjomba wao. Mama Homa aliangalia mikono yake juu ya meza.

Mwanamke mmoja wa safu ya tatu, muuguzi mwenye miwani, akanyoosha mkono. "Samahani, Profesa. Huyo mzee alikataa kwenye swali lipi? La shingo? Nauliza ili tujue ni lipi watu wanalificha."

"Swali zuri," alisema Profesa, akageuka. "Mama Homa, wewe ndiye uliyempigia. Lilikuwa lipi?"

Angeweza kusema la kichwa. Lilikuwa karibu, lilikuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua.

"Hakuulizwa," alisema.

"Haku..."

"Hakuulizwa hata moja. Mzee huyo ni kaka yangu. Niliona haya kumwuliza habari za tumbo, basi nikawa simwulizi lolote. Alisema salama kwa sababu nilimwamkia, na mtu akiamkiwa huitika. Sifuri zile niliziandika mimi." Akanyoosha kidole ukutani. "Hakuficha. Naomba mfute hapo ukutani."

Profesa akabonyeza kitufe, ukuta ukawa mweupe. Bwana Jedwali, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, aliinamisha kichwa.

Hawakumfukuza. Ukurasa wa nane ulisahihishwa, sentensi ikasema sasa kwamba mhojaji hakuuliza, na Mama Homa akaisoma mara moja tu, ikamtosha. Walimtoa kwenye simu. Alipewa kazi ya kusoma vipimajoto vya friji za chanjo asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari, kazi ambayo kitu unachokihudumia hakina salamu. Aliikubali bila kulalamika. Profesa alimsindikiza hadi korido siku ya kwanza, akamshika bega. Alikuwa amekasirika wiki nzima na sasa hasira zimekwisha. "Umefanya vizuri kusema," alimwambia. "Lakini mimi bado naamini hivyo hivyo. Hata ungemwuliza."

"Pengine," alisema Mama Homa. Hiyo ndiyo ilikuwa imebaki. Kazi imekwenda, sifa imekwenda, lakini hilo pengine alikuwa nalo bado.

Jumamosi alikwenda dukani kwa kaka. Wifi alikuwa nyuma anafua, na kulikuwa na mteja mmoja tu mlangoni, ameleta suruali ya kupunguzwa. Kaka alimwona, akatabasamu, akamsogezea kigoda. Mama Homa hakukaa. Alianza kusema kwa mdomo, maneno yote kwa mfululizo, Jumanne ile, sifuri, gauni, mpaka pumzi ikamwishia. Kaka alimtazama midomo kwa subira, kisha akatikisa kichwa, akamnyooshea chaki.

"Andika, mdogo wangu. Unakwenda mbio."

Akachukua kipande cha boksi. Akaandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza: KAKA, NYUMBA ZOTE NILIKUWA NAWAULIZA MASWALI SABA. WEWE SIKUKUULIZA. NDIYO MAANA WAUGUZI WALICHELEWA.

Kaka akavaa miwani, akasoma midomo ikicheza. Akasoma tena. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa bado juu ya cherehani, ingawa haikuwa inakwenda.

"Kwa nini hukuniuliza?"

NILIONA HAYA, aliandika. Kisha akaongeza kwa haraka kile alichokuwa akijisomea miezi yote hiyo, ili akabidhi na kumaliza: NA WEWE USINGESEMA.

Fundi akasoma hilo pia. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaiweka mezani karibu na mkasi. Hakuwa na hasira hata chembe alipoongea, na Mama Homa akakaa kwenye kigoda.

"Ningesema," alisema kaka kwa sauti yake kubwa, na mteja mlangoni akatazama barabara. "Nilikuwa naogopa. Mke hayupo, kichwa kinapasuka, hata kusimama siwezi. Nilikaa na simu mkononi tangu alfajiri, nikasema leo ni Jumanne, mdogo wangu atapiga, ataniuliza."